Haimo Kwenye Mkataba

Karatasi ilibandikwa mlangoni Jumatatu,
chini ya tangazo la sabuni na glovu:
Ijumaa, saa nne, ukumbi mdogo,
O. Kalinga, mkandarasi, atawasilisha mada.

Nikaenda kuusoma mkataba wangu upya.
Kurasa nne. Kukagua nguzo, imo.
Kutoboa kwa keekee, kupima dawa imezama kiasi gani, imo.
Kujinunulia buti, imo, tena kwa wino mzito.
Kusimama mbele za watu na kufungua mdomo,
haimo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi mwezi wa tatu nimepewa maiki.

Eliuta wa nyaya, naye wa mkataba,
zamu yake ilipofika aliumwa jino.
Alikuja shavu limefungwa kitenge,
akaonyesha kwa kidole: siwezi.
Jioni nikamkuta stendi anatafuna hindi la kuchoma
kwa upande uleule.
"Wewe ugua tumbo," akanishauri. "Jino nimeshalitumia."

Walioajiriwa wakikosea kusema huchekwa,
kisha humiminiwa chai.
Sisi tukikosea, kibarua huota nyasi,
na Mafinga hii nyasi haisubiri mvua.

Basi usiku nikafanya mazoezi yadi.
Mlinzi kajikunyata na jiko lake, haulizi.
Nguzo mia tatu zimelala, kijani kwa dawa,
baridi inapita sweta mbili inatafuta mbavu.
Nikakohoa. "Ndugu wafanyakazi wenzangu,"
nikaona hilo wenzangu lina uongo, nikalifuta.
"Ndugu wafanyakazi."
Zilinisikiliza vizuri. Mkaratusi hauna simu mfukoni.
Lakini nilipofika kwenye asilimia
sauti yangu ikawa ya mtu anayeomba mkopo.

Nikainua nyundo, kwa mazoea tu, si kwa hekima,
nikagonga iliyo karibu: ti.
Ya pili: ti.
Ya tatu: bwu.
Nikasimama hapo muda, pua inachuruzika.

Ijumaa. Viti thelathini, projekta inanguruma,
Meneja Kihwele safu ya mbele, amekunja nne.
Nikasema, "Kamwene." Wakaitikia,
na baada ya hapo maneno yote yakanikimbia.
Kijasho chembamba, mwezi wa sita, Mafinga!
Mtu akamenya pipi. Ganda la ile pipi
lililia muda mrefu kuliko hotuba yangu.

Nikainamia gunia,
nikatoa vipande viwili vya nguzo,
nikaviweka juu ya kitambaa chao cheupe.
Nikampa nyundo yule wa pipi,
Vumilia wa masijala, miaka sita anaandika namba za nguzo
na hajapata kugusa hata moja.
"Gonga."

Ti.
Akacheka kidogo. Akahamia cha pili.
Bwu.
Akakiinamia kama mkunga,
akagonga tena, polepole, ukumbi mzima shingo mbele.
"Hiki kimeoza ndani," akasema.
Akakigeuza. "Na mhuri kinao. Nani kapiga?"

Mimi sikusema kitu.
Kihwele akaikunjua nne yake.
Nyundo ikatembea kiti hadi kiti,
ti, bwu, ti, bwu,
hata mpishi aliyeleta chupa za chai akagonga,
na projekta, haijaonyesha hata slaidi moja,
ikazimwa na mtu, sikuona nani.

Eliuta ameniomba ile nyundo.
Zamu yake imerudi, nami namuuliza,
nyaya utazigonga wapi?

Mwisho wa mwezi nikaandika ankara:
ukaguzi, siku ishirini na mbili;
keekee, ncha mpya moja;
kuzungumza. Hapo kalamu ikasimama.
Nikakata. Nikaandika: kunyamaza, dakika arobaini.

Hadi leo haijalipwa,
wala haijarudishwa.